Noah ya Nzengo Nzima

Mimi nimechoka. Naliweka hilo mbele kabisa, mtu asije akadhani nasimulia haya kwa kujisifu kwamba nina gari. Wanaojisifia gari ni wale wanaokaa kwenye lami. Mimi nakaa Zagayu, upande wa mbugani, ambako mvua ikinyesha siku mbili mfululizo udongo mweusi unakuvua kiatu na haukurudishii. Mwenye gari huku hana la kujisifia. Ana kazi tu.

Naitwa Mboje. Nina miaka hamsini na nane, mke mmoja, Veronica, watoto wanne waliokwisha kuondoka nyumbani, ekari sita za pamba, na mguu wa kushoto usiokunjika. Mguu huo niliuvunja nilipoanguka kutoka juu ya lori, tulipokuwa tunaishindilia pamba kwa miguu ili bodi ijae vizuri. Fundi wa mifupa aliunga goti, na goti likaunga kweli, ila liliunga likiwa limenyooka. Tangu siku hiyo baiskeli basi, pikipiki basi, na kila nikitaka kwenda Bariadi ilinibidi niombe lifti. Kuomba lifti ukiwa mtu mzima ni kazi mbaya. Unasimama barabarani na fimbo yako, unawachekea vijana uliowaona wakizaliwa, na wanakupita wakijifanya hawakukuona.

Ndiyo maana niliposikia kuna mtumishi mmoja pale Bariadi amehamishwa na anauza Noah yake kwa bei ya kutupa, nilikwenda kuiona. Ilikuwa kuukuu. Rangi yake ya fedha ilikwisha kugeuka vumbi, na mlango wa kuburuza ulikuwa haufunguki mpaka uupige ngumi chini kidogo ya kitasa. Lakini ilikuwa na mambo mawili niliyoyataka. Kwanza, inavuta kwa matairi yote manne, na kwenye tope letu gari la kuvuta kwa mawili ni pambo. Pili, ni otomatiki. Haina klachi, mguu wa kulia peke yake unatosha.

Bei ilikuwa ndogo kwa sababu hiyohiyo ya pili. Watu wa kwetu wanaiogopa otomatiki. Wanasema ni gari la wake za mabosi, wanasema ikifa haina fundi wa kuifufua. Mimi nikaingia, nikauweka mguu wangu mbovu pembeni, nikavuta kijiti cha gia mpaka kwenye D, na gari likaondoka lenyewe taratibu. Nasema ukweli, nililia. Ilikuwa miaka kumi na moja sijajipeleka mahali popote mwenyewe.

Hayo machozi ningeyatunza, yangenifaa baadaye.

Kwetu majirani wote waliopakana wanaitwa nzengo. Yetu ina kaya kama arobaini, na ina sheria zake ambazo hazijaandikwa popote na kila mtu anazijua. Ukifiwa, wanaume wa nzengo wanachimba kaburi, wanawake wanaleta unga na kuni. Mwenye sufuria kubwa analeta sufuria. Mwenye mkokoteni analeta mkokoteni na ng'ombe wake. Haombwi, anaarifiwa tu kwamba kuna msiba, naye anajua la kufanya. Sasa mimi nikawa mwenye Noah, na hakuna aliyewahi kuweka kikomo cha mambo ambayo mwenye Noah anaarifiwa.

Nikaanza kuarifiwa. Kuna mgonjwa. Kuna bibi harusi. Kuna kwaya ya kigango inayokwenda kuimba Kimali, kule Meatu, na waimbaji ishirini na wawili wanataka kuingia kwenye gari la watu wanane, na mwalimu wao anasema sauti ya pili wakae chini. Nimebeba mbuzi waliokojoa kwenye viti mpaka Veronica akawa anapanda gari na kanga ya kutandika. Nimebeba mganga mmoja aliyeniamuru nisitazame nyuma safari nzima, hata kwenye kioo, ili dawa yake isiharibike. Niliendesha kilomita thelathini nikitazama mbele tu, huku nyuma yangu kitu fulani ndani ya kapu kinakwaruza. Mpaka leo sijui kilikuwa nini na sitaki kujua.

Wakikumbuka wanaweka mafuta, na wakisahau wanasema Mungu atakulipa. Nikila, napigiwa honi ya mdomo nje ya ua. Nikilala mchana, Veronica anakuja kunitikisa akiwa amekunja uso. Aliniambia siku moja kwamba aliolewa na mkulima akajikuta ni mke wa dereva wa watu arobaini, na dereva mwenyewe hana hata likizo. Mimi wakati huo nilikuwa natafuta viatu.

Na hawaliamini gari lenyewe. Siku betri ilipokufa mbele ya kanisa walikuja watu kumi na tano kusukuma. Nikawaambia, jamani, otomatiki haiwaki kwa kusukumwa, haijatengenezwa hivyo, leteni waya tuazime umeme kwenye trekta. Wakasema gari ni gari. Wakasukuma mpaka mtoni, wakapumzika, wakalisukuma mpaka kanisani tena. Halikuwaka. Wakaondoka wakisema gari langu lina kiburi.

Kilichoniumiza zaidi kilitokea mwaka jana. Tulikuwa tunatoka mazikoni, mafuta yakaisha njiani, maana yule aliyesema ataweka alisahau. Likapita trekta la mtu tunayemfahamu, akajitolea kutuvuta mpaka nyumbani. Nikamwambia asivute. Otomatiki ya matairi manne ukiivuta mwendo mrefu magurudumu yakiwa chini na injini imezimwa, giaboksi inazunguka kavu, oili haizunguki, inajila yenyewe. Nilimweleza kwa Kiswahili, nikamweleza kwa Kisukuma. Akasema, mzee, weka N utulie. Wakafunga mnyororo. Kilomita kumi na tano watu walikuwa wanaimba ndani ya gari kwa furaha, na mimi nimeshika usukani nikisikia huko chini kitu kinalia. Walinivuta kwa wema kabisa. Hakuna aliyenitakia baya, na ndilo linalonichosha, kwamba hata wa kumgombeza sina.

Tangu hapo gia zikawa zinachelewa kuingia. Unaweka D, unahesabu moja, mbili, tatu, ndipo gari linashtuka na kwenda. Nikalipeleka Bariadi kwa fundi Shigela, kijana mpole anayezijua otomatiki kwa sababu alijifunzia Mwanza. Akachungulia oili, akainusa, akanionyesha ilivyoungua ikawa nyeusi. Akabadilisha. Kisha akafuta mikono, akaniambia neno ambalo nimekwenda nalo mpaka leo.

"Mzee, hili limebakiza safari," alisema. "Sijui ngapi. Inaweza kuwa moja, inaweza kuwa hamsini. Lipumzishe mpaka nikupatie giaboksi nyingine."

Nikarudi nyumbani polepole, nikaliegesha uani. Ningeweza kulipumzisha bila wasiwasi kama isingekuwa Jenifer.

Jenifer ni binti yetu wa mwisho, ameolewa Mwamanyili, Busega. Mumewe yuko Geita kwenye machimbo. Mtoto wake wa kwanza alitolewa kwa kupasuliwa, na ilikuwa nusura tumpoteze yeye na mtoto. Alipopata mimba ya pili daktari alimwambia bila kuzunguka kwamba huyu azaliwe katika hospitali yenye chumba cha upasuaji, asithubutu kusubiria uchungu kwa mkunga nyumbani. Basi alikuja kwetu. Angeweza kwenda kwa mama mkwe wake, lakini alikuja kwetu kwa sababu baba ana gari. Alisema hivyo mwenyewe, akicheka, anashusha begi lake uani. Mwezi Machi ulikuwa umeingia na mvua zimekaza, na katika nzengo nzima hakuna kitu kingine chenye injini kinachoweza kuuvuka ule ukanda wa mbuga kati yetu na barabara kubwa. Pikipiki zilikuwa zimekwama wiki mbili.

Nikajiapia kwamba safari iliyobaki, kama ni moja, ni ya Jenifer.

Sikupata hata wiki. Asubuhi moja nilikuwa nimewasha gari uani, maana jua lilikuwa halionekani, sola haichaji, na simu yetu tunaichajia humo. Nikamwona Mayunga anaingia. Mayunga tumepakana mashamba. Ni mtu wa maneno machache, ana ng'ombe wazuri wa kulimia, na ndiye aliyenibeba mgongoni siku ile nilipoanguka kwenye lori. Mama yake, mzee Kwandu, alikuwa amelazwa Bariadi siku nne.

Hakuniarifu. Ndilo lililonishtua. Kwa desturi angetuma mtu aseme kuna msiba, ikatosha. Yeye alikuja mwenyewe, akavua kofia.

"Mama amefariki," alisema. "Nakuomba, Mboje."

Nikamwambia gari linaumwa. Nikamweleza habari za oili na giaboksi, nikamweleza maneno ya Shigela, nikamweleza habari za Jenifer. Nilisema mengi mno, najua sasa. Mtu mwenye sababu ya kweli huwa anaisema mara moja. Mayunga alisikiliza yote, na wakati wote huo Noah ilikuwa inanguruma pale nyuma yangu, laini kabisa, haina hata kikohozi, maana injini yake ni nzima, ugonjwa uko kwenye gia. Akaitazama. Akanitazama. Akavaa kofia yake akaondoka.

Walikodi gari Bariadi. Dereva akafika kwenye ukanda wa mbuga, akatazama tope, akakataa. Akalishusha jeneza barabarani akageuza. Mayunga akaenda na ng'ombe na mkokoteni kumchukua mama yake kwenye mvua. Wanasema jeneza liliteleza mara mbili, na mara ya pili kona yake ilipasuka, ikabidi avue koti lake aifunge. Haya sikuyaona, niliyasikia, lakini nimeyaona mara nyingi tangu hapo.

Mazikoni nilikwenda, na fimbo yangu. Veronica alibeba unga kichwani. Wanawake waliupokea, wakanong'onezana, kisha mmoja akaurudisha mikononi mwa Veronica. Tulirudi na ule unga nyumbani. Veronica hakulia njiani. Alilia alipoutua.

Siku ya tatu nzengo ikakaa. Mkuu wa nzengo yetu ni Ngassa, mzee mwenye haki, siwezi kumsingizia. Alinipa nafasi niseme, nikasema tena habari za giaboksi, na watu wakatazama chini kwa aibu, aibu ya kwangu siyo ya kwao. Nani anaijua giaboksi? Walichokijua ni kwamba gari liliwaka asubuhi ile na likawaka kesho yake. Nikasema binti yangu ana mimba ya hatari. Ngassa akajibu kwa upole kwamba mimba ina siku zake, maiti haina. Akasema kidole kimoja hakivunji chawa, na mimi nimechagua kuwa kidole kimoja. Kisha akatoa uamuzi.

"Mwenye gari lake akae na gari lake."

Maana yake nilikuwa nimetengwa, mimi na mke wangu. Hakuna kusalimiwa, hakuna kuazimwa moto wala jembe, hakuna kuuziwa dukani, hakuna mkono shambani wala msibani. Atakayetusemesha atatozwa mbuzi. Kurudi kundini ni fahali mmoja na kuilisha nzengo nzima siku moja. Wakainuka wakaenda zao.

Sasa niseme jambo la aibu. Wiki ya kwanza nilipumzika. Hakuna aliyepiga honi ya mdomo. Nilikula chakula changu mpaka mwisho. Nililala mchana, nikaamka mwenyewe, nikakaa kibarazani nikinywa uji na kutazama mvua, nikajisemea, kumbe ndivyo watu wanavyoishi. Nikamwambia Veronica kwamba kama hii ndiyo adhabu, waliichelewesha. Hakucheka.

Wiki ya pili ikaanza kuniingia. Unapita asubuhi, unamsalimia mtu mwangaluka, anageuza shingo kutazama mahindi. Watoto wanaacha kucheza ukikaribia. Veronica alikuwa akienda kisimani wenzake wanasimama kando mpaka achote, kisha wanasogea. Chumvi tulifuata mbali, kwa watu wasiotujua. Nilianza kuongea na redio. Uchovu wa kuitwa na kila mtu ninaujua, lakini huu wa kutoitwa na mtu ulikuwa mbaya zaidi, maana hauishi kwa kulala. Fahali nilikuwa naye. Nilichokosa ni moyo wa kukiri kosa ambalo bado nilikuwa nadhani si kosa.

Nilipanga Jumatatu nimpeleke Jenifer Bariadi akasubirie siku zake kwa shangazi yake. Uchungu ulimwanza Ijumaa, saa mbili asubuhi, wiki tatu kabla ya wakati wake. Alisimama mlangoni ameshika nguzo, akasema, baba, washa gari.

Niliwasha. Veronica alikaa nyuma akamlaza mapajani. Nikaweka D, nikahesabu, moja, mbili, na gia ikaingia. Tukatoka. Nilikuwa nalisemesha gari njia nzima, nalibembeleza, na lilinisikiliza. Kilima cha kwanza lilipanda. Korongo la kwanza lilivuka. Nikaanza kuamini. Tukaingia kwenye ukanda wa mbuga, na pale katikati, mahali ambapo trekta zilikuwa zimechimba mifereji, Noah ikakaa chini. Matairi yote manne yalikuwa yanazunguka, yanarusha tope mpaka juu ya paa, na gari haliendi popote. Tumbo lilikuwa limelala kwenye udongo. Hapo hakuna otomatiki wala matairi manne. Hapo panahitaji watu.

Na watu walikuwepo. Pembeni ya njia ni majaruba ya mpunga, na watu kama kumi na watano wa nzengo yetu walikuwa wanapandikiza, wameinama kwenye maji. Mayunga alikuwa jaruba la karibu kabisa, analima na ng'ombe wake wawili. Mkewe, Milembe, alikuwa kwenye mstari wa wapandikizaji. Wote walituona. Wakainua vichwa, wakatuona ni sisi, wakainama tena.

Nikateremka na fimbo, nikazama mpaka gotini. Nikaita. Nikamwita Mayunga kwa jina, nikamwita Ngassa ambaye hakuwepo, nikasema nitalipa fahali leo hii, nitalipa wawili. Hakuna aliyeinua kichwa. Sikuwachukia. Nililijua lile jicho la chini, nilikuwa nalo mimi siku ile mbele ya Mayunga. Ndani ya gari Jenifer alikuwa anaugulia na Veronica anasali kwa sauti. Sijawahi kuchoka vile. Nilihisi kama ningekaa palepale kwenye tope nisiinuke.

Ndipo nikasikia mlango wa kuburuza unapigwa ngumi kutoka ndani. Ukafunguka. Jenifer akatoa miguu nje, ameshika kiti kwa mkono mmoja na tumbo kwa mwingine, akawaambia wale watu wa majarubani.

"Mimi si wa kaya hii. Mimi ni mtu wa Mwamanyili. Ng'ombe wangu wa mahari walitolewa, na ninyi mliwala. Baba yangu mmemtenga, mimi hamjanitenga."

Nilisimama pale na tope langu nikimsikia mwanangu ananikana mbele ya watu, na kila neno lilikuwa la kweli. Ng'ombe walitolewa kumi na wanane, na nyama ya harusi ile waliila wote.

Milembe ndiye aliyenyooka wa kwanza. Akanawa mikono kwenye maji ya jaruba, akaja. Wenzake wakamfuata. Mayunga akafungua plau, akawaswaga ng'ombe mpaka kwenye mkokoteni wake uliokuwa kwenye tuta, akafunga nira, akauleta kando ya gari. Hawakukimbia na hawakupoteza muda. Wanawake wakampokea Jenifer mikononi, wakamlaza kwenye mabua, Milembe akapanda akamshika kichwa, akawa anamwambia, kaza moyo, mayu, kaza moyo. Mtu mmoja alipita karibu yangu kiasi cha kunigusa bega. Hakunitazama. Nilikuwa nguzo tu ya kwenye njia.

Veronica alishuka akaufuata mkokoteni kwa miguu. Hakuna aliyemkaribisha na hakuna aliyemzuia. Nilimpa simu, ndiyo pekee tuliyokuwa nayo, nikabaki mikono mitupu. Ulikuwa mkokoteni uleule uliombeba mzee Kwandu. Nikautazama ukienda mpaka mvua ikauficha. Waliobaki wakarudi kupandikiza.

Nikapanda garini. Kwa mguu wangu nisingeweza kutembea kwenye lile tope hata nusu ya njia, na hakuna wa kunishika mkono. Nikakaa. Kwa kukosa la kufanya nikawasha injini, nikaweka D. Gia ikaingia. Nikaweka R, ikaingia. Nikarudia mara nyingi, D, R, D, R, na kila mara iliingia safi, haichelewi hata kidogo. Giaboksi ilikuwa nzima. Ingeweza kwenda Bariadi na kurudi siku ile. Ingeweza kumleta mzee Kwandu nyumbani kwake, mkavu, juu ya kiti. Nikazima injini nikaegemeza paji la uso kwenye usukani. Nilimkatalia mtu aliyenibeba mgongoni, kwa ajili ya ugonjwa ambao siku hiyo haukuwepo, na kwa ajili ya safari ambayo gari lenyewe halikuweza kuimaliza.

Saa zikapita. Wapandikizaji walikula chakula chao cha mchana kwenye tuta, wakamaliza, wakarudi kazini. Sikujua kama binti yangu yuko hai. Kulikuwa na watu kumi na wawili mbele yangu, labda mmoja wao alikuwa amepata habari, na sikuweza kumwuliza hata mmoja.

Kwenye saa kumi na moja nikasikia mkokoteni. Mayunga alikuwa anarudi peke yake, amelowa, anatembea mbele ya ng'ombe wake. Nikashusha kioo. Nilijua hatasema, na nisingeweza kumlaumu. Alipofika usawa wa mlango wangu akawasimamisha ng'ombe. Akaanza kuishughulikia nira, akaikaza kamba ambayo haikuwa imelegea. Alikuwa amenipa mgongo.

"Sikilizeni ninyi," akawaambia ng'ombe, kwa sauti kubwa kuliko inavyohitajika kwa ng'ombe. "Milembe amepiga simu sasa hivi. Walipata gari pale barabara kubwa, na Jenifer amepasuliwa saa nane. Mtoto wa kike. Mama mzima, mtoto mzima, bibi yake anampakata."

Akaendelea kuikaza ile kamba.

Nilitaka kuteremka nimshike, lakini nikimsemesha naye akijibu ni mbuzi juu yake, na mtu huyu alikwisha kutoa vya kutosha siku hiyo. Nikatoa mkono wangu dirishani, nikaufikisha kwenye pembe ya ng'ombe aliyekuwa karibu, nikaishika.

"Ahsante," nikamwambia ng'ombe. "Na unisamehe kwa ajili ya mama yako. Nilikuwa na uwezo wa kumleta."

Mayunga aliacha kamba. Bado amenipa mgongo, akajipangusa uso kwa mkono wenye tope. Kisha akawafungua ng'ombe kutoka kwenye mkokoteni, akawazungusha polepole mpaka mbele ya Noah, akainama kutafuta mahali pa kufunga mnyororo.